Joseph Pilates: mgonjwa aliyekaza tumbo lake nyuma ya seng'enge

Miezi minane niliswali nikiwa nimekaa kitini. Si uzee, maana hamsini bado sijaifika, ni mgongo tu ulionikataa. Kurukuu niliweza kwa kushika ukuta. Kusujudu na kuinuka tena ndiko kulikonishinda. Waliopitia haya wanajua yalivyo: uko kwenye safu na wanawake wenzako, pembeni yako mama wa miaka sabini aenda chini na kurudi juu bila taabu, nawe umejikalia kitini kama mgeni wa harusi.

Mtaalamu wa fiziotherapia niliyeelekezwa kwake hakushughulika sana na mgongo wenyewe. Alinilaza chali, akaniwekea vidole viwili juu ya kitovu, akaniambia niinue kichwa kidogo. Vidole vikazama. Baada ya uzazi wa watoto wanne, mmoja wao kwa upasuaji, misuli ya tumbo langu ilikuwa imeachana katikati na kulala, na mgongo ukawa wabeba mzigo wa wawili. Akanipa mazoezi sita ya kufanya sakafuni, juu ya mkeka, na akayataja kwa jina nililokuwa nikilisikia kwa wanawake wenye nafasi zao tu: Pilates. Hutamkwa pi-la-tiz. Nilipomsimulia shoga yangu alicheka, akaniuliza kama ni mazoezi ya mapailoti.

Mimi nami sikuwa na la kumcheka. Nilidhani ni jina la mashine, au la mwigizaji fulani wa Marekani mwenye kiuno cha nyigu. Kumbe ni jina la mwanamume, Mjerumani, mpiga ngumi, mwenye kifua kama pipa, ambaye udogo wake wote ulikuwa wa kuugua. Nikaanza kumsoma. Kadiri nilivyomsoma ndivyo nilivyoona kwamba tumemfikiria kinyume. Hapa kwetu, ukimwambia mtu wafanya Pilates, anadhani wataka kukonda kabla ya harusi ya mdogo wako. Huyu bwana hakuyatengeneza mazoezi yake ili tumbo lionekane zuri. Aliyatengeneza ili mtu apumue na asimame. Ndiyo maana nataka nimsimulie leo.

Joseph Hubertus Pilates alizaliwa tarehe 9 Desemba 1883 katika mji wa Mönchengladbach, magharibi mwa Ujerumani, si mbali na mpaka wa Uholanzi. Ulikuwa mji wa viwanda vya nguo. Babake alikuwa fundi wa vyuma na mpenzi mkubwa wa jimnastiki, mchezo ambao Wajerumani wa wakati ule walikuwa na vyama vyake karibu kila mji. Mtoto hakurithi mwili wa baba. Alikuwa na pumu, alikuwa na matege, na akapata homa ya baridi yabisi. Kwa ufupi, kifua hakikumpa pumzi, miguu haikunyooka na viungo vilimuuma.

Mtoto wa namna hiyo hapa kwetu angefunikwa shuka na kuambiwa asikimbie. Joseph alikwenda upande wa pili. Alisoma vitabu vya umbo la mwili wa binadamu, akajifunza msuli upi wavuta mfupa upi. Akaingia kwenye jimnastiki, akanyanyua vyuma, akapigana ngumi, akateleza kwenye theluji. Alisoma pia habari za yoga na za mazoezi ya Wagiriki wa kale. Alipokuwa barobaro mwili wake ulikuwa umejengeka kiasi cha kutumiwa kama kielelezo cha kuchorea picha za misuli. Nikifikiria habari hii huwa naiweka karibu na ile pumu. Hakupewa mwili ule. Aliufanyia kazi kidogo kidogo, pengine kwa hofu ya kurudi kitandani.

Karibu na mwaka 1912 akavuka bahari kwenda Uingereza. Huko alikula kwa nguvu za mwili wake: alipigana ngumi, alicheza sarakasi, akafundisha watu kujihami. Basi mwaka 1914 vikaja vita.

Vita vile sisi wa pwani twavijua kwa upande wetu. Ile sanamu ya maaskari pale Barabara ya Jomo Kenyatta, Mombasa, ni ya wazee wetu waliochukuliwa kupigana na kubeba mizigo katika vita hivyo hivyo, baina ya Mwingereza na Mjerumani. Kule Uingereza, kila mwanamume Mjerumani wa umri wa kupigana alihesabiwa kuwa adui, hata kama alikuwa kinyozi au mpishi wa hoteli, au mcheza sarakasi kama Joseph. Akakamatwa. Mwishowe akapelekwa kwenye kambi ya Knockaloe, katika Kisiwa cha Man, kilichoko kati ya Uingereza na Ireland.

Hapa naomba msomaji tutue kidogo, kwa sababu naamini kila kitu cha bwana huyu kilitoka hapa. Knockaloe ilikuwa upande wa magharibi wa kisiwa, karibu na mji mdogo wa Peel, mahali pa upepo na mvua. Ilikuwa na mabanda ya mbao, matope katikati, na seng'enge pande zote. Wanaume zaidi ya 20,000 walifungiwa hapo. Hawakuwa wamehukumiwa kwa kosa lolote, na hakuna aliyewaambia watatoka lini. Hilo la mwisho ndilo lililowavunja wengi. Madaktari wa wakati ule waliipa jina hali iliyowapata wafungwa wa aina hii, wakaiita ugonjwa wa seng'enge: mtu hupoteza usingizi, husahau, hukasirikia wenzake kwa jambo dogo, kisha hukaa akitazama tu. Wengine waliunda vikundi vya muziki, michezo ya kuigiza na madarasa ili akili zisilale.

Joseph alikaa utumwani humo mpaka 1919. Aliendelea na mazoezi yake na akawafundisha wenzake. Alikuwa na nini mle ndani? Sakafu. Hakuwa na vyuma wala mashine wala ukumbi. Mtu analala chali, na uzito wa miguu yake mwenyewe ndio unakuwa mzigo wa kuinua. Ukitaka kujua kwa nini mazoezi mengi ya Pilates hufanywa ukiwa umelala, kumbuka mahali mwalimu alipokuwa. Wafuasi wake husimulia pia kwamba aliwatazama paka wa kisiwani wakijinyoosha, akashangaa vipi kiumbe kisichokula vizuri kina mwili mwepesi namna ile. Kwa sisi tulioishi na paka wa Mji wa Kale na wa Lamu, hadithi hiyo haihitaji shahidi. Husimulia vilevile kwamba aliwafungia springi kwenye vitanda wagonjwa wasioweza kusimama, ili wavute na kusukuma wakiwa wamelala. Mashine alizokuja kuzitengeneza baadaye zina umbo la kitanda chenye springi, kwa hiyo mimi hilo naliona liko karibu na akili.

Alipoachiliwa alirudi Ujerumani, akafundisha mazoezi, miongoni mwa wanafunzi wake wakiwamo polisi wa Hamburg. Ujerumani ilikuwa imeshindwa vita, njaa na siasa zimechanganyika. Mwaka 1926 akapanda meli kwenda Marekani. Safarini akakutana na Clara Zeuner, naye akawa mwenzake wa maisha na wa kazi. Wakafungua ukumbi New York, Barabara ya Eighth Avenue, nambari 939.

Nilichopenda kuhusu ukumbi huo ni mchanganyiko wa watu. Walikuja wapiga ngumi na wafanyabiashara wenye migongo mibovu, kisha wakaja wachezaji wa dansi. Jirani na hapo palikuwa na kumbi za mazoezi ya dansi, na mchezaji wa dansi akiumia goti au kiuno kazi yake imekwisha. George Balanchine na Martha Graham, wakubwa wa dansi wa Marekani wakati ule, waliwapeleka wachezaji wao kwa Joseph wakatengenezwe. Wengi wanaokumbuka ukumbi ule humtaja yeye kuwa mkali na mwenye sauti ya kuamrisha, na Clara kuwa mpole, mwenye mkono wa kutuliza, anayejua kumpunguzia mtu zoezi lisimuumize. Kama ningekuwepo ningejipanga upande wa Clara. Na nashangaa kwamba jina lililobaki duniani ni la mmoja tu.

Yeye mwenyewe hakuyaita mazoezi yake Pilates. Aliyaita Contrology, akiwa na maana ya elimu ya kuutawala mwili kwa akili. Wazo lake kuu ni hili: mkono na mguu havina nguvu vyenyewe, nguvu yao huanzia katikati, kutoka chini ya mbavu hadi nyongani, mbele na nyuma. Hapo katikati pakiwa legevu, mtu huinua ndoo kwa mgongo peke yake, na siku moja mgongo hukataa.

Mtaalamu wangu alinieleza jambo hili kwa namna ambayo sikuisahau. Tumbo lina tabaka za misuli. Ile ya mbele inayoshuka kutoka mbavuni hadi kinenani ndiyo vijana hupenda kuionesha pichani. Pembeni kuna miwili inayopita mshazari, mmoja juu ya mwenzake. Chini ya yote kuna msuli mpana unaozunguka kiuno kutoka nyuma kuja mbele, kama mshipi. Alipofika hapo nikamwambia huo ni mkaja. Akacheka, akasema ndiyo, ni mkaja wa ndani. Bibi zetu walipotufunga mkaja baada ya kujifungua walikuwa wakilishika tumbo kwa nje wakati wa ndani umelegea, na mimi sitomruhusu mtu kuwadharau kwa hilo. Lakini arobaini ikiisha kitambaa hufunguliwa, na ule wa ndani hakuna aliyetufundisha kuufunga.

Unafungwa kwa pumzi. Ukitoa pumzi yote, polepole, mpaka mwisho, utahisi tumbo la chini likijivuta ndani lenyewe pamoja na misuli ile ya chini ya nyonga inayobeba kibofu na kizazi. Mtoto wa pumu aliyahangaikia mapafu yake tangu utotoni, basi haishangazi kwamba aliifanya pumzi kuwa mlango wa kila zoezi. Alisisitiza kutoa pumzi yote nje kabla ya kuingiza mpya.

Zoezi la kwanza katika mpango wake huitwa Mia, kwa sababu ni la hesabu ya 100. Unalala chali, unainua kichwa na mabega, miguu nayo iko juu imenyooka, mikono imenyooka kando ya mwili. Kisha unaipigapiga mikono juu na chini, mapigo madogo kama anayepiga maji, ukivuta pumzi kwa hesabu ya tano na kuitoa kwa hesabu ya tano. Ukirudia mara kumi umemaliza mia. Ukilisoma kwenye karatasi ni kama mchezo. Siku ya kwanza mimi nilifika kumi na tano, tena magoti nimeyakunja na miguu iko chini, na tumbo likatetemeka kama lililoingiwa na homa. Mtaalamu alinionya kwamba kwa mwanamke ambaye misuli yake imeachana, tumbo likichomoza katikati kama paa la nyumba wakati wa kuinua kichwa, aache mara moja, arudi kwenye pumzi peke yake. Zoezi hilo bado si lake. Na aliyejifungua juzi, au mwenye mimba, au aliyepasuliwa, asianze kwa kusoma makala yangu, aende aonwe.

Wala si kila alilofundisha mwalimu lafaa kufuatwa. Joseph alitaka mgongo ulale bapa kabisa sakafuni, na aliamini uti wa mgongo wa mtu mzima ulipaswa kunyooka kama wa mtoto mchanga. Wataalamu wa siku hizi wengi hawakubaliani naye. Uti una mapindo yake ya asili na mapindo hayo ndiyo yanayobeba uzito, kwa hiyo hukuambia uyaache yawepo. Alikuwa mtu wa kujiamini kupita kiasi. Alitaka sana madaktari wakubali kwamba njia yake ni tiba, na kwa muda mrefu wa maisha yake hawakumpa alichotaka. Akaandika kitabu mwaka 1934, akaandika cha pili mwaka 1945 pamoja na William John Miller. Hicho cha pili kina mazoezi 34 ya mkekani, yote ya kufanya nyumbani bila kifaa. Anayeonekana kwenye picha akiyafanya ni yeye mwenyewe, karibu na miaka sitini, amevaa kaptula tu, tumbo limekaza kama ngoma.

Nguo, kwa kweli, hakuzipenda. Kuna picha zake akiwa kwenye theluji amevaa kaptula ya kuogelea. Hapo nilifunga ukurasa kidogo, nikasema Mola amsamehe.

Alibuni pia mashine. Iliyo maarufu zaidi ni kitanda chenye kigari kinachoteleza juu ya reli, kimefungwa springi, nawe unakisukuma kwa miguu au kukivuta kwa mikono. Alitengeneza pia kiti kidogo cha mazoezi ambacho ukikigeuza kinakuwa kiti cha kukalia nyumbani, kwa ajili ya watu wanaoishi kwenye vyumba vidogo vya New York. Leo kile kitanda ndicho kinachoonekana kwenye matangazo, na saa moja juu yake hugharimu pesa ambazo mama wa watoto wanne hazitoi bila kuulizwa. Ndipo watu wanapohitimisha kwamba haya ni mambo ya matajiri. Mimi nasema mkeka ulitangulia.

Sasa nije kwenye jambo lililonisikitisha. Mwalimu huyu wa pumzi alivuta sigara kubwa zile za majani, miaka na miaka. Aliyetoroka pumu ya utotoni akajiletea mwenyewe ugonjwa mwingine wa mapafu. Alifariki New York tarehe 9 Oktoba 1967, akiwa na miaka 83, kwa emfisema, ugonjwa ambao vifuko vya hewa mapafuni huharibika na pumzi ikiingia haitoki vizuri. Maisha yake yote aliwaambia watu watoe pumzi yote nje, na mwisho hicho ndicho alichoshindwa kufanya. Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara mbili, nikaona niiache, maana nina ndugu zangu wanaovuta na wanajua nawasema.

Hakuacha mrithi rasmi. Clara aliendelea kufundisha palepale, kisha kuanzia karibu na mwaka 1970 uongozi wa ukumbi ukashikwa na Romana Kryzanowska, mwanafunzi wao wa siku nyingi. Wanafunzi wengine wakafungua kumbi zao. Ron Fletcher, aliyekuwa mchezaji wa dansi, akaipeleka njia hiyo California ambako waigizaji wa sinema waliipenda, na nadhani kile kiuno cha nyigu nilichokidhania mwanzo kilitokea huko. Likaja hata shauri la kugombea jina. Mwaka 2000 mahakama ya New York iliamua kwamba Pilates si alama ya biashara ya mtu yeyote. Ni jina la aina ya mazoezi, kama vile yoga au karate. Ndiyo maana mtaalamu wangu aweza kulitamka bila kumlipa mtu.

Je, yanasaidia kweli, au ni mimi tu? Niliuliza hivyo pia. Mwaka 2015 taasisi ya Cochrane, inayopima tafiti za tiba, ilikusanya tafiti za Pilates kwa watu wenye maumivu ya kiuno. Ikaona kwamba hupunguza maumivu kuliko kukaa tu au kutibiwa kidogo tu, ingawa ushahidi wenyewe si wa nguvu sana, wala haukuonesha wazi kwamba ni bora kuliko mazoezi mengine. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni muujiza. Kutembea kila siku pia ni dawa, na kuogelea, kwa sisi tuliopewa bahari bure.

Mimi mwezi wa nne niliondoka kwenye kiti. Ilikuwa swala ya laasiri, nyumbani, hakuna aliyeniona. Nilitoa pumzi kabla ya kuinuka kutoka sijda ya pili, kama nilivyofundishwa, na mkono haukugusa ukuta. Mazoezi bado nayafanya baada ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka, kwenye mkeka ule ule wa sebuleni. Mia bado haijafika. Niko sitini, na hapo shingo ndiyo hulalamika kwanza.